Kwale wa Bonde la Bakhit

Mahbuba ndiye aliyeyaona mayai kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya kibanda chao cha makuti ya mtende, kule Ruwi, pembeni ya Maskati, akiwatoa matumbo kwale saba ambao mumewe alirudi nao asubuhi ile kutoka milimani. Wawili wa mwanzo aliwasafisha huku akiimba. Alipompasua wa tatu, akanyamaza. Ndani mlikuwa na yai zima, ganda lake bado laini kama ukucha wa mtoto mchanga, na nyuma yake mengine yamejipanga, kila moja dogo kuliko mwenzake, mpaka la mwisho lililo sawa na punje ya mtama.

“Baba Muhsina,” akaita. “Njoo utazame.”

Thani bin Suud akaja akiwa bado na vumbi la safari miguuni. Akainama, akatazama. Mahbuba akampasua wa nne, naye ana mayai. Wa tano hana. Wa sita anayo, na wa saba pia.

“Mwezi wa tatu huu,” Thani akasema hatimaye. “Kwale hatagi mwezi wa tatu. Masika hayajaingia.”

Bi Kheiria, mama yake Mahbuba, alikuwa kwenye jamvi kivulini akivuta uradi. Akasita na tasbihi mkononi.

“Masika gani unayoyangojea, Thani? Ya Pemba?”

“Mimi nnasema tu, mama, kwamba kwa kawaida...”

“Masika ya hapa yalikuwa zile siku mbili za Januari, ulipokaa hapo mlangoni ukilalamika kwamba chokaa yako imelowa. Ndiyo hayo. Ndege wameyaona, wewe hukuyaona.”

Ilikuwa mwaka 1965. Thani na watu wake walikuwa hawajatimiza mwaka tangu washuke Maskati, na bado walihesabu siku kwa hesabu ya kule walikotoka. Bahari ikichafuka walisema kusi imeanza. Jua likiwaka sana walisema mvua iko karibu. Hakuna aliyewacheka kwa hilo, kwa sababu wenzao wote waliotoka Unguja na Pemba walifanya vivyo hivyo. Lakini kosa lililofanyika kwa mazoea linabaki kosa, na wale ndege wanne walikuwa wamekufa na mayai yao tumboni.

Kulikuwa na kosa la pili. Thani alikiri kwamba aliona baadhi ya ndege wale wana doa jeupe shavuni na mistari myeusi ubavuni, na wengine ni wa rangi ya mchanga mtupu. Kwale wa Pemba, dume na jike, ni rangi moja. Kwa hiyo alidhani amekamata ndege wa aina mbili, akafurahi. Haikumpitikia kwamba wale wa rangi ya mchanga ni majike.

Mahbuba aliwapika wote, maana kutupa riziki iliyokwisha kuchinjwa ni dhambi juu ya dhambi. Mchuzi ulipotengwa, Bi Kheiria alijitilia wali mkavu na pilipili.

“Mama, si haramu,” Thani akasema. “Nimewachinja kwa bismillahi, mmoja mmoja.”

“Sikusema haramu. Nimesema hawapiti kooni mwangu. Lile bonde ulimwomba nani?”

“Lile ni jangwa, mama. Halina mwenyewe.”

“Uliuliza?”

Thani hakuuliza. Hapo ndipo shina la jambo lote lilipokuwa, na wala silipunguzii uzito. Mtu mgeni aliyepokelewa katika nchi, akapewa mahali pa kulala na kazi ya kufanya, aliingia katika bonde lenye maji na njia za mbuzi na jivu la moto wa jana, akajiambia kwamba halina mwenyewe kwa sababu tu hakumkuta mtu amesimama mlangoni.

“Basi sikiliza,” Bi Kheiria akasema. “Sitakula kwale wako mpaka siku mwenye bonde lake atakapokupa kwa mkono wake mwenyewe. Na mimi ni mtu mzima. Usikawie.”

*

Nieleze kidogo huyu Thani alikuwa nani. Kule Pemba alikuwa akisimamia shamba la karafuu la ami yake, na zaidi ya hayo alikuwa mtegaji. Watu wenye mihogo iliyoshambuliwa na kwale walitoka vijiji viwili mbali kuja kumwita. Alijua kupanga uzio wa vijiti, akaacha tundu kila baada ya hatua tatu, na katika kila tundu akatia kitanzi. Ndege akifuata uzio kutafuta pa kupita, hujitia mwenyewe.

Maskati hakuna aliyejua habari hiyo. Hapa alikuwa fundi wa kupaka chokaa. Alipaka nyumba za wafanyabiashara wa Matrah siku sita kwa wiki, viganja vikapasuka, na weupe ukaingia katika mipasuko usitoke hata kwa mafuta. Wenye nyumba walimwita Zanjibari. “Zanjibari, pale pamebaki.” “Zanjibari, kesho njoo mapema.” Hawakumtukana, ila hakuna aliyehitaji kujua jina lake. Kitu kimoja tu alichokijua vizuri duniani kilikuwa ndege, na sasa alikuwa ameonekana hakijui.

Ijumaa iliyofuata alitoka kabla ya alfajiri, akasali njiani, akaingia milimani upande wa Al Amerat mpaka bonde lile lile. Alichukua vitanzi vyake vyote vilivyosukwa kwa mshipi wa kuvulia. Hakwenda kutega.

Kwenye maji alimkuta mtu mmoja mwembamba akinywesha mbuzi. Jina lake Bakhit. Alikuwa mdogo kwa Thani kwa miaka kumi hivi, mwenye meno mabovu na ulimi mkali, na ukoo wake ndio uliolinda ile chemchemi tangu zamani. Thani akamsalimu, akajitaja jina na jina la baba yake, kisha akasema kwa Kiarabu chake cha chuoni kwamba Ijumaa iliyopita yeye ndiye aliyetega vitanzi kwenye njia ya kwenda majini, akakamata ndege saba, na wanne walikuwa na mayai.

Bakhit alimsikiliza hadi mwisho.

“Unasema kama khatibu juu ya mimbari,” akasema. “Ningojee kuitika amin?”

Thani akavishusha vitanzi begani, akavishika mkononi.

“Mimi nilidhani mbweha. Wiki nzima nnamtafuta mbweha. Lakini mbweha, Mungu amsamehe, angekula mmoja akashukuru.” Akawafukuza mbuzi wawili waliokuwa wakikanyaga ukingo wa maji. “Hukujua dume na jike?”

“Kwetu wana rangi moja.”

“Na kutega njia ya maji, kwenu pia wana rangi moja? Ndege ana kiu, hana pengine pa kwenda. Hapa hata mwizi hamvizii mwenziwe kisimani.”

“Kwetu maji yako kila mahali,” Thani akasema. “Sikulifikiri.”

Nadhani jibu hilo ndilo lililomwokoa, maana lilikuwa la kweli na halikujitetea. Bakhit akanyoosha mkono. “Nipe hivyo.” Akavitwaa vitanzi, akavikunja, akavitia katika mkoba wa ngozi.

“Mwakani,” akasema, “mvua ikinyesha, uje kila Ijumaa. Mikono mitupu. Ukae juu ya jiwe lile, utazame mpaka vifaranga waanze kuruka. Mwisho wa msimu nitakugeuza uso uelekee mlimani, uniambie kwa masikio tu nani dume, nani jike, nani ana mke na nani hana. Ukiweza tutazungumza. Ukishindwa, rudi kwenye kuta zako.”

*

Mwaka 1966 mvua ilinyesha mwanzo wa Februari. Thani akaanza kwenda.

Ijumaa tatu za mwanzo hakuona ndege hata mmoja. Aliwasikia pande zote, asiwaone. Mara ya tatu Bakhit alipita chini na mbuzi wake, akasimama akacheka.

“Wewe, mtu wa chokaa! Kanzu nyeupe, kofia nyeupe, mikono myeupe. Kutoka kule ng'ambo nilidhani wamejenga msikiti.”

Jioni ile Thani alimwomba mkewe aichovye kanzu yake katika maji ya maganda ya komamanga. Mahbuba akaishika kanzu kifuani.

“Hii ya Ijumaa?”

“Ndiyo ninayovaa Ijumaa.”

“Baba Muhsina, watu watasema nimeshindwa kufua.”

“Waambie nimeanguka kwenye matope.”

“Matope yapi, ya Maskati? Hata uwongo wako haujui nchi tuliyopo.”

Kanzu ikachovywa, ikatoka rangi ya mwamba. Mikono akaipaka udongo. Ijumaa ya nne kwale dume akapanda juu ya jiwe umbali wa hatua ishirini, akainua shingo, akalia. Thani alisema baadaye kwamba alisikia mlio ule mpaka katika meno yake.

Alijifunza polepole, na aliyojifunza niliyasikia kwake mwenyewe mara nyingi. Alfajiri madume wote hulia, kila mmoja juu ya jiwe lake, na kila mmoja akimjibu jirani ili ajulikane kwamba bado yuko na mpaka wake haujahama. Jike hapigi kelele. Yeye hutoa sauti ndogo ya kooni, tena akiwa karibu. Upepo ukivuma sana hawalii kabisa, hujificha kwenye mifereji ya mawe. Dume akisikia sauti ngeni ndani ya eneo lake huja kuitazama, lakini haji kwa njia iliyonyooka. Huzunguka, hupanda juu, kisha hushuka kutoka mgongoni kwa yule anayemwita. Akiitwa mara mbili tatu na kuachwa, huja. Akiitwa mara kumi huona kwamba kuna jambo, akanyamaza.

La muhimu kuliko yote alilijua mwezi wa nne. Jua likipanda, madume wenye wake hunyamaza mmoja mmoja, kwa kuwa wana kazi. Wanafuatana na majike wao wakila mbegu, au wanakaa karibu na mahali wanapoatamia. Ikifika saa tatu bonde zima limetulia, isipokuwa sauti moja au mbili. Hao ndio wasio na jike. Wao huendelea kuita mpaka joto liwanyamazishe.

“Mtu akitaka kuchukua bila kuvunja nyumba ya mtu,” Thani alikuwa akisema, “angoje mpaka saa tatu.”

Wawindaji wengi husifu macho yao na shabaha yao. Mimi huwapima kwa jambo moja, kama wanaweza kuwaacha ndege ishirini walio mbele yao kwa ajili ya mmoja aliye halali kuchukuliwa. Wengi hawawezi, na huita udhaifu wao ushujaa.

Mwisho wa msimu Bakhit alimgeuza uso uelekee mlimani, kama alivyoahidi. Thani akataja kwa masikio. Dume, na yuko na jike wake, maana kuna sauti ya chini. Dume mwingine, jirani yake. Yule wa juu yuko peke yake, ameita tangu alfajiri. Bakhit akamkosoa mara moja tu.

“Mwakani uje na wavu mdogo,” akasema. “Dume mmoja. Mpweke. Mbali na maji. Nami nitakuwapo.”

Thani alirudi nyumbani mbio kama kijana. Bi Kheiria akamsikiliza, akavuta tasbihi yake.

“Mwakani,” akasema. “Haya. Nitajaribu kuwapo na mimi.”

*

Mwanzo wa mwaka 1967 alifika Mahfoudh kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ndugu yake Mahbuba, mtoto wa mwisho wa Bi Kheiria, mtu wa miaka thelathini, mcheshi, mkarimu kwa maneno. Alilala kibandani kwao, akapata kazi ya kupakua mizigo Matrah, na kila jioni alikuwa na mzaha mpya kuhusu shemeji yake.

“Shemeji, mwaka mzima umekaa juu ya jiwe unawatazama? Mimi nawajua walinzi wa makaburi, nao hushuka kwenda kunywa chai.”

Thani alicheka pamoja naye. Naye, kwa furaha, akafanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya. Akamweleza kila kitu. Bonde liko wapi, njia inapita wapi, ndege wanakunywa saa ngapi. Alieleza kama mtu anayejisifia mali, na mwenziwe akasikiliza kama mtu anayehesabu mali hiyo.

Siku aliyopangiwa na Bakhit ilikuwa Ijumaa ya pili ya mwezi wa tatu. Thani alifika na wavu wake mdogo begani, jua likianza kugusa vilele. Akashangaa kutosikia mlio upande wa chemchemi. Akashuka.

Kulikuwa na uzio wa vijiti pande zote za maji, umepangwa ovyo. Katika matundu walikuwa kwale watano, wamenaswa. Wanne walikuwa majike. Mmoja kati yao hakupapatika tena. Kitanzi kilikuwa kimemnyonga.

Mahfoudh akatoka nyuma ya mkunazi, ametabasamu sikio hadi sikio. “Nimekuja tangu jana jioni. Watano, shemeji! Wewe mwaka, mimi usiku mmoja. Leo mama atakula.”

Thani alipiga magoti, akaanza kukata mishipi kwa kisu. Wa kwanza akaruka.

“Unafanya nini? Wewe, Thani!”

“Shika yule wa mwisho, usimvunje mguu.”

“Simshiki. Umerukwa na akili? Nimefanya kwa ajili yenu!”

“Umemfanyia mama yako kitu ambacho hatakitia mdomoni. Unamjua kuliko mimi.”

Wanne wakaenda zao. Wa tano, yule aliyekufa bila kuchinjwa, alibaki mkononi mwa Thani, bado ana joto. Mahfoudh sasa aliteremsha sauti.

“Basi sikiliza. Yule bwana hayupo, nimemwona jana akipeleka mbuzi bonde la pili. Tung'oe vijiti, tumfukie ndege, tufute nyayo kabla hajarudi. Ukae juu ya jiwe lako kama kawaida, umchukue dume wako, upewe kwa mkono wake. Nani atajua?”

Nataka msomaji aelewe kwamba maneno hayo hayakuwa ya kipumbavu. Bakhit hakuwapo. Thani hakutega yeye. Alikuwa amengoja miaka miwili, na nyumbani alikuwako mwanamke mzee aliyekuwa anapungua mwili kila mwezi, ambaye hangengoja daima. Akisema, angeweza kulipoteza bonde moja kwa moja. Akinyamaza, kwa saa mbili tu, angepata alichokitaka, na hata kiapo hakuna ambaye angemwapisha. Majaribu ya kweli huja hivyo, yakiwa na hoja nzuri na muda mfupi.

Mahfoudh alisema baadaye kwamba alimwona Thani akimpangusa yule ndege vumbi la manyoyani, polepole, kama anayemwandaa kwa safari. Kisha akasimama, akaenda kumtafuta Bakhit.

Alimkuta akirudi na mbuzi. Akamnyooshea ndege.

Bakhit hakumpokea. “Nani?”

“Mtu wa nyumba yangu. Njia nimemwonesha mimi kwa mdomo wangu. Wanne tumewafungua, huyu tumemchelewea.”

“Jina lake?”

“Amekula kwangu, amelala kwangu. Liandike langu.”

Bakhit akatazama wavu mdogo begani mwa Thani, haujafunguliwa. Alijua ni siku gani.

“Ungeweza kumfukia,” akasema.

“Ningeweza.”

Mbuzi wakawapita, wakaelekea majini. Bakhit akawahesabu mpaka wa mwisho alipopita.

“Mwaka huu hakuna,” akasema. “Si dume, si jike, si kwako wala kwa mtu mwingine. Wamekwisha kuogopa maji yao, waachwe watulie. Nenda ukasali Ijumaa yako.”

“Na mwakani?”

“Nimesema mwaka huu hakuna. Mwakani sikusema kitu.”

Thani akarudi nyumbani mikono mitupu. Hakumshitaki Mahfoudh, lakini Mahfoudh mwenyewe, kwa kutaka kuonekana ameonewa, alisimulia kisa chote mbele ya mama yake. Bi Kheiria akamsikiliza hadi mwisho.

“Nilimsuta mkwe wangu kwa kutouliza,” akasema, “kumbe niliyemzaa mimi ameambiwa mwenyewe ni nani, na bado akaiba.” Akamgeukia Thani. “Nisamehe, mwanangu.”

Hilo “mwanangu” lilikuwa la kwanza. Kabla ya hapo alikuwa akimwita kwa jina tu.

*

Joto la mwaka ule lilimwangusha Bi Kheiria. Alikaa miezi mitatu hajiinui kwenye jamvi, na Mahbuba alimlisha uji kwa kijiko. Mvua ya Januari 1968 ilipopiga makuti ya paa, alifumbua macho akasema, “Masika hayo. Umeyaona safari hii?”

“Nimeyaona, mama.”

“Basi usikimbilie. Mimi nipo.”

Thani akaenda Ijumaa ya kwanza bila wavu, akakaa juu ya jiwe. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Ijumaa ya tatu Bakhit alipita, akasema bila kusimama, “Wavu umeupeleka kwa fundi?”

Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa yake yote.

Mara ya kwanza na wavu, upepo ulivuma na bonde likawa bubu. Mara ya pili dume mpweke alijibu, na Thani kwa shauku akaiga mlio wake mara sita badala ya mbili. Ndege akanyamaza, na Bakhit aliyekuwa amejilaza nyuma ya mwamba akanong'ona, “Umemchosha. Hata mimi umenichosha.” Mara ya tatu dume alikuja vizuri kabisa, akashuka kutoka nyuma, akasimama hatua moja kutoka chini ya wavu. Thani alikuwa ameshika mkononi kamba ya kuuangusha wavu. Ndipo akasikia sauti ndogo ya kooni kutoka kwenye majani. Dume alikuwa amepata mke wiki ile. Thani akailegeza kamba. Ndege wakaondoka wote wawili, hawana habari.

“Kwa nini hukuvuta?” Bakhit akamwuliza, ingawa alikuwa amesikia naye.

“Ana nyumba.”

Ijumaa iliyofuata alikaa tangu alfajiri. Madume wakalia, wakanyamaza mmoja mmoja. Saa tatu ikabaki sauti moja, upande wa juu, imekauka kwa kuita. Thani akaita kwa midomo yake mara mbili, akaacha. Akangoja kiasi cha mtu kusoma Yasin kwa utulivu. Hakuita tena. Mguu wake ulikufa ganzi, sisimizi akapanda shingoni, hakujigusa. Ndege akatokea juu, akatoweka, akatokea nyuma. Thani hakugeuza kichwa. Alimsikia akitembea juu ya changarawe, hatua tatu na kusimama, hatua tatu na kusimama, mpaka akampita ubavuni. Doa jeupe shavuni, mistari myeusi ubavuni, kifua kimevimba kwa hasira ya kumtafuta mgeni aliyemwita. Akaingia chini ya wavu.

Thani akasikiliza majani. Hakuna sauti nyingine. Akavuta kamba.

Bakhit akaja, akaingiza mkono chini ya wavu, akamtoa ndege, akamtazama shavu na ubavu. Kisha akamnyooshea Thani kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni chombo kilichojaa.

“Chukua, Thani bin Suud. Huyu ni wa mama yako.”

Thani akaelekea kibla, akasema bismillahi, akachinja. Kabla hajaondoka, Bakhit akafungua mkoba wake, akatoa vile vitanzi vya mwaka 1965, vimekunjwa kama alivyovikunja siku ile.

“Na hivi ondoa kwangu. Panya wanavitamani.”

Nyumbani Mahbuba alimpika kwale kwa bizari na ndimu kavu. Ndege mmoja, watu watano. Bi Kheiria aliketi mwenyewe, akasaidiwa na Muhsina, mjukuu wake, kuegemea mto. Akapewa paja. Akalitafuna kwa meno machache aliyobakiwa nayo, muda mrefu, wote wakimtazama, hata Mahfoudh aliyekuwa mlangoni na sahani yake hajaigusa.

“Chumvi imezidi,” akasema. Kisha akaomba mchuzi zaidi.

Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya joto, Mungu amrehemu.

Vitanzi vile Mahbuba alivifungua fundo baada ya fundo, akaviunga, akapata kamba ndefu ya kuanikia nguo. Kanzu ya rangi ya mwamba ilianikwa hapo kila Jumamosi. Thani aliendelea kwenda bondeni, akichukua dume mmoja kwa mwaka, na mwaka wa 1969 hakuchukua kabisa, kwa sababu mvua ilikuwa haba.

Mwaka 1970, mwezi wa tatu, kulikuwa na kanzu mbili za rangi ya mwamba kwenye kamba ile. Mahfoudh alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Bakhit, amejitaja jina, na amepewa jiwe lake la kukalia, mikono mitupu. Thani alikaa pembeni yake. Jua lilikuwa halijafika hata nusu ya mlima, na bonde zima lilikuwa likilia.

“Yule wa juu,” Thani akanong'ona. “Ana jike au hana?”

Mahfoudh alisikiliza kwa muda mrefu, amefumba macho. Zamani angejibu papo hapo.

“Mapema bado, shemeji,” akasema. “Sijui.”

Thani akatikisa kichwa kukubali, nao wakaendelea kukaa.